Kalamu Ilikuwa Mkononi Mwangu

Lilikuwa swali la kumi na moja. Lilikaa katikati ya ukurasa wa pili, chini ya swali la dawa za kuzuia damu isigande na juu ya swali la ujauzito, na lilikuwa kwa Kiingereza kama maswali mengine yote ya ile fomu. Liliuliza kama anayehudumiwa amewahi kuwa na makovu yanayovimba na kukua kuliko kidonda chenyewe. Pembeni palikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Kalamu nilikuwa nimeishika mimi, lakini uso uliokuwa unaulizwa haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mdogo.

Habari hii nimewasimulia watu wawili tu hapa chuoni. Wote wawili waliniambia nilifanya vizuri. Naiandika hapa kwa sababu sikubaliani nao.

Mama mdogo ana miaka 48. Ana fremu ya vitenge na madera Kariakoo. Mkopo wangu wa Bodi haukufika kwenye ada yote, na kiasi kilichobaki kinatoka kwenye hiyo fremu tangu niko mwaka wa kwanza. Aliishia darasa la saba. Anasoma gazeti kila siku, anaandika daftari la madeni lisilo na kosa hata moja, na hesabu zake za kichwani zinanishinda mimi niliyepata B ya Hesabu. Kiingereza ndicho hakukipata, kwa sababu enzi zake Kiingereza cha maana kilianzia sekondari, na sekondari hakwenda.

Miaka miwili iliyopita alipimwa presha ikakutwa iko juu. Daktari akamwambia apunguze chumvi, apunguze mwili na atembee. Wengi wetu tukiambiwa hivyo tunaitikia vizuri, kisha tunarudi kwenye chipsi mayai. Yeye alifanya kweli. Akawa anashuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kufika, anamalizia kwa miguu. Ugali wa usiku akauacha. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa alipungua kilo 23, na presha ikatulia. Daktari alifurahi. Kariakoo haikufurahi.

Si unajua kwetu mambo yalivyo. Mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali, akikonda anaulizwa anaumwa nini. Mwili wa mama mdogo uliondoka, ngozi ya uso ikabaki pale pale ilipokuwa. Mashavu yakashuka, ngozi ya chini ya taya ikalegea, na mistari miwili ikachimbika kutoka puani hadi kwenye pembe za mdomo. Wateja wakaanza: "Mama, pole, unaumwa?" Wengine hawakuuliza, walinong'ona. Jirani mmoja wa fremu alimwambia mteja, mbele ya binti anayeuza pale dukani, kwamba mwenye duka "ameshaanza dozi."

Kutumia dawa za VVU si aibu, na kwenye ukoo wetu wapo wanaozitumia na wanadunda. Mama mdogo mwenyewe ndiye huwasindikiza kliniki. Kilichomuuma ni kwamba watu walikuwa wameshamzika huku bado wanamwomba apunguze bei. Zamani alikuwa anavaa kitenge kipya mwenyewe, anapiga picha, anatuma kwenye makundi ya WhatsApp, na mzigo unaisha. Mwaka jana akaanza kupiga picha kuanzia shingoni kwenda chini. Niliona zile picha zisizo na kichwa na sikumuuliza kitu.

Halafu jioni moja, nikiwa nasubiri zamu ya bafu hosteli, simu ikaita.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe unajua habari ya nyuzi?"

Nilidhani anaulizia nyuzi za cherehani. Kumbe mteja wake mmoja alimwonyesha video ya mama wa makamo anayevutwa uso kwa nyuzi, bila kisu, bila kulazwa, mashavu yanapanda. Ameulizia, na hapa Dar ipo. Bei yake kwenye kliniki aliyoipata ilikuwa milioni moja na laki nane. Alikuwa anakaribia kupokea mchezo wake wa milioni mbili. Alichotaka kwangu ni nimsindikize, kwa sababu karatasi za huko ni za Kiingereza.

Nilikubali. Na hapa niwe mkweli: nilikubali ili nikamzuie. Niliona ni upuuzi, hela ya mchezo kwenda kwenye mashavu. Tena kuna hesabu nyingine niliyoipiga kimyakimya na sikumwambia mtu. Milioni moja na laki nane ni zaidi ya ada yangu ya mwaka mzima.

Nikaanza kusoma, kama tunavyosoma wiki ya mtihani, nikitafuta ubaya tu. Nilichokikuta hakikuwa upuuzi kama nilivyotarajia. Nyuzi zinazotumika sana zimetengenezwa kwa polidaioksanoni, aina ya uzi ambao madaktari wa upasuaji wameutumia kwa miaka mingi kushonea ndani ya mwili, uzi unaoyeyuka wenyewe. Wengine wamezitengeneza kwa malighafi zinazokaa muda mrefu zaidi. Mmoja wa waliozianzisha kwa ajili ya uso ni daktari wa upasuaji aitwaye Marlen Sulamanidze, huko Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1990. Korea Kusini ndiko nyuzi za polidaioksanoni zilikoshika kasi.

Namna yake ni hii. Unakaa wima, daktari anakuchora mistari usoni, maana ukilala uso unajivuta wenyewe na unadanganya. Anachoma ganzi karibu na panja, pale nywele zinapoanzia. Anatoboa kitundu, anapitisha sindano ndefu yenye ncha butu chini ya ngozi hadi karibu na pembe ya mdomo, na ndani yake mna uzi. Uzi una vimiba pande zote, mfano wa ndoana ndogondogo. Sindano inatolewa, vimiba vinashika nyama, daktari anauvuta uzi kwenda juu, shavu linapanda, kisha anakata ncha iliyobaki nje na kuizamisha. Baadaye mwili unatengeneza kolajeni kuuzunguka ule uzi. Ndani ya takriban miezi sita hadi minane uzi wa polidaioksanoni umeshayeyuka. Mvuto wenyewe huisha taratibu, kwa wengi baada ya mwaka hivi.

Na ubaya upo. Kuvimba na kuvilia damu ni kwa kawaida. Ngozi inaweza kufanya vishimo, upande mmoja ukapanda kuliko mwingine, uzi ukaonekana au ukachomoza, kidonda kikaingia wadudu, mshipa wa fahamu ukaguswa. Wiki mbili tatu hutakiwi kupanua mdomo sana, wala kulalia shavu, wala kusinga uso. Tena haiwafai watu wenye ngozi iliyolegea sana. Inawafaa walioanza kulegea tu.

Na wenye makovu yanayovimba huwa wanaulizwa kwanza. Wataalamu huyaita keloidi, na sisi watu weusi tunayapata kuliko wengine.

Mama mdogo analo moja. Lipo sikio la kulia, juu, chini ya mtandio. Alipokuwa na miaka 19 alitoboa tundu la pili kwa urembo, pakaota kinundu. Akaenda kukatwa. Kikarudi, kikubwa kuliko mwanzo, sasa kimefika ukubwa wa kunde mbili. Wifi zake hawajakiona. Mimi nakijua kwa sababu nimekua nikimsuka nywele.

Sasa turudi kwenye fomu.

Kliniki ilikuwa safi, ina kiyoyozi na maua ya plastiki, na dada wa mapokezi alikuwa mpole. Alitupa kurasa nne na kalamu. Mama mdogo alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, akanipa. "Haya mwalimu," alisema, akacheka kidogo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka mazoezi ya kufundisha. Wiki nane nilikuwa nafundisha Historia Kidato cha Pili kwa Kiingereza, darasa zima likiniitikia "yes madam", na nikikusanya madaftari nakuta hawakuelewa hata mstari. Niliandika kwenye ripoti yangu ya fildi kwamba mwalimu asiyehakikisha ameeleweka anafundisha ukuta. Msimamizi alipigia mstari hiyo sentensi na kuandika "vizuri".

Nilianza kumtafsiria mama mdogo swali moja moja. Una kisukari? Hapana. Unatumia dawa gani? Za presha, andika hizi. Umewahi kupata mzio wa ganzi? Hapana. Tukafika la kumi na moja.

"Wanauliza kama una makovu yanayovimba. Kama lile la sikio."

Alitazama mapokezi kwanza. "Weka hapana."

"Mama mdogo, lakini..."

"Hilo la miaka mingi. Na ni la sikio, si la uso. Weka hapana twende."

Nilisema, "Sawa." Nikaweka alama kwenye ndiyo.

Yeye alikuwa ananitazama mkono. Aliona alama imewekwa. Asingeweza kujua imewekwa wapi, na mimi nilijua kwamba hawezi kujua. Niliendelea na swali la kumi na mbili kwa sauti ile ile. Mwisho nilimwonyesha pa kusaini, chini ya aya inayosema kwamba nimesoma na kuelewa yote yaliyojazwa hapo juu. Akasaini kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule ya msingi.

Daktari alikuwa mama mtu mzima kidogo. Alipitia fomu huku tumekaa mbele yake, akafika ukurasa wa pili, akauliza kwa Kiswahili tu cha kawaida, "Naona umeandika una keloidi. Iko wapi, mama?"

Mama mdogo hakunijibu kitu, maana si mimi niliyeuliza. Lakini alinigeukia. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia daktari atakuja kuona sikio mwenyewe, na mimi nitabaki mtoto mzuri. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyemlipa noti bandia na bado amesimama pale dukani. Kisha akashusha mtandio.

Daktari alilitazama lile kovu, akaligusa, akauliza liliotaje, likakatwa lini, likarudi baada ya muda gani. Halafu alieleza, na alieleza vizuri kuliko ile fomu na kuliko mimi. Alisema keloidi hupenda sikio, kifua na mabega kuliko katikati ya uso, kwa hiyo hawezi kusema lazima itaota. Lakini vitundu vitatobolewa karibu na masikio, na yeye hawezi kumwahidi kwamba haitaota. Akamshika ngozi ya shavu kwa vidole viwili, akaivuta taratibu. Akasema kwa mtu aliyepungua kilo nyingi kiasi hiki, nyuzi zingeinua kidogo tu, na baada ya mwaka angekuwa anakaribia pale alipoanzia. Kinachoondoa ngozi iliyozidi ni upasuaji, na upasuaji ni kisu, na kisu na keloidi ni shida nyingine. "Mimi nikikufanyia leo nitachukua hela yako," alisema. "Nenda kafikirie. Ukirudi na bado unataka, tutaongea, tutajaribu pia kukutazama na mtaalamu wa ngozi."

Tulilipa ya kumwona daktari, tukatoka.

Kwenye bajaji hakusema neno hadi tumefika kwenye foleni. Nikaanza mimi. Nikasema nilikuwa naogopa yasije yakamkuta mabaya. Akaniacha nimalize.

"Ungeniambia unaandika ndiyo," alisema. "Ningekugombeza. Pengine ningekunyang'anya kalamu nikaandika mwenyewe hapana. Lakini ningejua nimesaini nini."

Baada ya muda akaongeza, bila kunitazama, "Mimi najua kusoma. Kiingereza ndicho sijui."

Wiki tatu zilipita hatukuongea. Nikipiga, binti wa dukani anapokea, anasema mama ana wateja. Niliogopa mengi, na moja ya niliyoyaogopa, naona haya kuliandika, ni ada. Tarehe ile ile ya siku zote pesa iliingia. Siku zote huwa inafuatiwa na ujumbe mrefu: nimetuma, soma kwa bidii, usiache kula, Mungu akutangulie. Safari hii ulikuja ujumbe wa kampuni ya simu peke yake.

Hapo ndipo nilipowasimulia wale wenzangu wawili. Mmoja tunakaa naye chumba kimoja. Alisema, "Ulimwokoa. Angeandika hapana, angerudi na manundu usoni." Mwingine anasoma sheria, akasema kumdanganya daktari ndilo kosa, mimi nilirekebisha.

Nimelifikiria sana hilo. Jibu lililoandikwa lilikuwa la kweli, na daktari alihitaji kulijua. Hapo sina ubishi. Kama ningemwambia mama mdogo, "Hili siwezi kukuandikia uongo, chukua kalamu uandike mwenyewe," ningekuwa nimesema ukweli kwake na kwa daktari. Pengine tungegombana pale pale mapokezi, mbele ya maua ya plastiki. Ugomvi huo ulikuwa haki yake. Nilichofanya ni kuukwepa, na nilichotumia kuukwepa ni Kiingereza. Nisingethubutu kama fomu ingekuwa ya Kiswahili. Mtu mzima, aliyenilea, aliyenilipia hicho hicho Kiingereza, nilimwekea saini kwenye jambo alilolikataa, kwa lugha aliyoninunulia.

Na bado sijui nilikuwa nalinda nini. Nikijiuliza usiku kama niliogopa keloidi au niliogopea ile milioni moja na laki nane, sipati jibu lililonyooka. Ndiyo maana wenzangu wakinisifu nanyamaza.

Jumamosi moja nilikaa maktaba na kaunta buku. Kliniki walikuwa wametupa nakala ya fomu, mimi nilibaki nayo kwenye begi. Niliitafsiri yote, kurasa nne, kwa mkono. Ilinichukua siku nzima. Kuna maneno yalinisumbua. Kwenye "kutolingana kwa uso" niliongeza: yaani shavu moja kuwa juu kuliko jingine. Kwenye "ridhaa" niliandika: nimeambiwa, nimeelewa, nimekubali mwenyewe. Nilipofika swali la kumi na moja niliacha visanduku vyote viwili wazi.

Nikampelekea dukani. Nilimkuta anapima kitenge kwa mkono, wapi mbili, wapi tatu. Nilipiga magoti kama tulivyofundishwa nyumbani, nikamwomba radhi mbele ya binti wa dukani, kwa sababu aibu yake ilikuwa ya mbele za watu na mimi niliona msamaha nao uwe hivyo. Akasema, "Inuka, utachafua dera la watu." Akachukua karatasi.

Alisoma zote nne pale pale, kasimama, wateja wakisubiri. Halafu akaanza kuuliza. Vimiba vya uzi vikiyeyuka vinakwenda wapi? Kwa nini wanauliza presha, ganzi yao ina kitu gani? Wakisema mwaka, ni mwaka kwa mtu wa miaka 35 au kwa mtu wa miaka 48? Ikiota keloidi, kliniki inatibu bure au nalipa mimi? Hilo la mwisho halimo kwenye fomu. Mimi nilikuwa nimesoma nyuzi wiki nzima nikitafuta sababu za kumkataza, na hakuna hata swali moja kati ya hayo nililokuwa nimejiuliza.

"Na wewe ungefanya nini?" aliniuliza.

Nikamwambia ukweli: nisingefanya. Nikamwambia pia kwamba mimi nina miaka 22 na hakuna mtu amewahi kunipa pole ya ugonjwa nisioumwa. Akatikisa kichwa, akakunja karatasi mara mbili.

Hadi naandika haya hajaamua. Karatasi iko kwenye droo ya fremu, chini ya daftari la madeni. Hela ya mchezo imeingia kwenye mzigo kwanza, ila anasema mzigo unauzika, kwa hiyo hela itarudi. Wiki iliyopita alituma picha kwenye kundi la WhatsApp, kitenge cha zambarau, na uso wake upo. Mtu mmoja akaandika, "Pole mama." Akamjibu, "Asante, presha imeshuka. Kitenge ni elfu thelathini."

Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na tulishangilia. Lakini fomu za hospitali binafsi, mikataba ya kukopa, karatasi za bima, nyingi bado zinamfikia mtu kwa Kiingereza, na anayeitwa kumsomea ni sisi. Kila mmoja wetu hapa chuoni ni msomaji wa mtu fulani nyumbani. Ukipewa hiyo karatasi soma kilichomo chote, hata kile ambacho hupendi akijue na kile unachoogopa atakijibu vibaya. Maoni yako mwambie kwa mdomo, yakiitwa maoni. Ikifika kwenye visanduku, mpe kalamu.